Anayeamini na Asiyeamini Katika Boma Moja: Namna ya Kusikilizana

Desemba moja, nyumbani kwetu Vihiga, mama alimaliza kusonga ugali, akaweka bakuli la kuku katikati ya meza, kisha akamgeukia mdogo wangu na kumwambia, "Baba, tuombee chakula." Humwita Baba kwa sababu alipewa jina la babu yetu mzaa mama. Sote tulijua, na mama alijua kuliko sisi sote, kwamba kijana huyo alikuwa ameacha kumwamini Mungu tangu mwaka wake wa tatu chuoni. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mama, asante kwa kupika. Dada aombe, mimi nitanyamaza pamoja nanyi." Dada aliomba kweli, lakini badala ya kushukuru kwa chakula alimsihi Bwana amguse mmoja wetu aliyepotea, na akalirudia ombi hilo mara tatu kwa sauti iliyokuwa ikipanda. Tulipofumbua macho, mdogo wangu alikuwa ameshaondoka mezani.

Mimi ni muumini wa Kanisa la Friends, ambalo liliingia kwetu kupitia misheni ya Kaimosi mwaka 1902, na sasa ninaishi Kisumu. Haya ninayoyaandika yametokana zaidi na makosa tuliyoyafanya kuliko hekima tuliyokuwa nayo. Suala la kama Mungu yupo halitaamuliwa mezani petu, wala mezani pako. Ila suala la nani ataomba, kwa maneno gani, na nani ataachwa anyamaze bila kusutwa, linaweza kuamuliwa kabla ugali haujapoa. Familia nyingi huanza na suala la kwanza, zikashindwa, na kwa kushindwa huko la pili halizungumzwi kamwe. Anzeni na la pili.

Jina la kumwita mwenzako

Neno linalopatikana katika vitabu ni mkanamungu, na wengi hulitumia bila nia mbaya. Hata hivyo neno hilo lina hukumu ndani yake, kwa kuwa kukana ni kukataa jambo ambalo unalijua, kama Petro alivyomkana Bwana wake kabla ya jogoo kuwika, na kwa hiyo anayeitwa hivyo huwa ameshatiwa hatiani kabla hajafungua mdomo. Kafiri na mpagani ni matusi, hata yakisemwa kwa tabasamu. Kusema kwamba fulani "amerudi nyuma" kunamweka katika fungu moja na mlevi aliyetoroka familia, ilhali huenda yeye ndiye anayelipa karo ya watoto wa ukoo. Neno "asiyeamini" linatosha, na linalofaa zaidi ni kumwuliza mwenyewe anataka aitweje.

Kuuliza kuna faida nyingine, kwa sababu chini ya jina hilo moja huwa tumewarundika watu wasiofanana. Yuko anayesema kwa uhakika kwamba hakuna Mungu. Yuko anayesema kwamba hawezi kujua, wala haoni ni nani anayeweza kujua. Na yuko anayemwamini Mungu lakini amechoshwa na kanisa, na huyu wa tatu, kwa jinsi ninavyoona, ndiye anayeitwa mkanamungu mara nyingi zaidi vijijini kwetu, ingawa usiku huomba peke yake. Katika sensa ya mwaka 2019, Wakenya zaidi ya 750,000 kati ya milioni 47.6 waliandikwa katika fungu la wasio na dini, na sitashangaa nikiambiwa kwamba watu wa aina zote tatu wamo humo.

Asiyeamini naye ana maneno ya kuacha. Kuwaita waumini kondoo, au kusema wamefungwa akili, hakujamfungua mtu yeyote akili. Lile la kwamba dini ni mali ya mzungu ni jepesi mno kwa eneo hili. Yohana Owalo alianzisha Kanisa la Nomiya miongoni mwa Wajaluo mapema katika karne ya 20, nje ya mamlaka ya wamisionari, na Elijah Masinde wa Bungoma alifungwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya Dini ya Msambwa, dini ya kurudia imani za mababu aliyoiongoza. Nyasaye, jina ambalo Wajaluo na Waluhya wengi humwitia Mungu, halikuletwa na meli. Ukitaka kuukosoa Ukristo wa wamisionari unazo sababu, lakini usimwambie nyanya yako kwamba hakuwa na la kumwita Mungu mpaka wageni walipofika.

Tenganisheni maswali kabla ya kujibizana

Mabishano mengi ya namna hii huwa ni maswali matatu yaliyofungwa katika kifurushi kimoja. La kwanza ni kama Mungu yupo. La pili ni kama dini inawafaa watu. La tatu ni kama kiongozi fulani wa dini ni mwaminifu. Mdogo wangu anaweza kuanza kwa kulalamikia wahubiri wanaowaambia maskini "wapande mbegu" kwa kutuma pesa kwa simu. Dada akasikia kwamba Mungu ametukanwa. Mama akasikia kwamba kanisa alilolitumikia tangu usichana wake ni bure. Na baada ya dakika kumi kila mmoja anapigana vita vyake. Siku moja nilisimamisha maneno nikauliza kila mtu aseme maoni yake juu ya zile mbegu tu. Ikaonekana kwamba mama anawachukia wahubiri hao kuliko mdogo wangu anavyowachukia, kwa kuwa jirani yake aliuza ng'ombe wa maziwa kwa ajili yao.

Mkishatenganisha maswali, jaribuni zoezi ambalo mimi na mdogo wangu tulilifanya Dunga, tukiwa tumeketi kando ya ziwa tukisubiri samaki wakaangwe. Sharti lilikuwa kwamba hakuna anayeruhusiwa kupinga hoja mpaka aieleze kwa maneno yake mwenyewe, na mwenye hoja akubali kwamba ndivyo. Nilianza kwa kujiamini. Nilimwambia, "Wewe huamini kwa sababu umesoma sana." Akasema sivyo, na kwamba walimu wake wengi ni waumini. Nikasema, "Basi ni kwa sababu ya mateso duniani." Akasema nimekaribia, lakini bado. Kisha akanikumbusha wiki ambayo mtoto wa shangazi yetu alifariki, tukasema ni mapenzi ya Mungu, na wiki hiyohiyo mtoto wa jirani akapona malaria, tukasema Mungu ni mwaminifu. Alichokuwa akikitafuta tangu siku hiyo, na hakukipata, ni tukio ambalo likitokea tungekubali kwamba linapinga imani yetu. Nilipolirudia jambo hilo hivyo, akasema, "Ndiyo. Hilo." Samaki walikuwa wameshapoa.

Zamu yake ilipofika aliniambia kwamba naamini kwa sababu naogopa kufa. Nikakataa. Akasema ni kwa sababu nimelelewa hivyo, nikamwambia naye alilelewa humohumo, tena kwenye kitanda kimoja nami. Alipata alipofika mahali hapa: kwamba nilipoomba nyakati fulani ngumu nilihisi nasikilizwa, na hisia hiyo imenishika mkono mara nyingi kuliko hoja yoyote. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Lakini tangu siku hiyo sijamsikia akisema kwamba waumini ni waoga, nami sijasema tena kwamba elimu ndiyo iliyomharibu, kwa kuwa kila mmoja amesikia kwa masikio yake kwamba sivyo.

Maswali ya kubadilisha, na maiti za kuacha zilale

Yako maswali ambayo huulizwa kana kwamba ni ya kawaida, kumbe yana ncha. Muumini humwuliza asiyeamini, "Kama hakuna Mungu, ni nini kinachokuzuia kuiba?" Anayeulizwa husikia kwamba anashukiwa wizi, na muulizaji, kama angejisikiliza, angeona amekiri kwamba yeye mwenyewe angeiba asingekuwa akitazamwa. Ukitaka kujua kweli, uliza, "Wewe hupata wapi sababu ya kutenda mema?" na utakapojibiwa kwamba ni huruma, au aibu mbele ya watu, au malezi ya mama, usiharakishe kusema kwamba huyo ni Mungu anayefanya kazi bila yeye kujua. Huenda unaliamini hilo, nami naliamini, lakini kumwambia mtu kwamba yeye ni muumini bila kujijua ni kumnyang'anya neno lake.

Asiyeamini naye hupenda kuuliza, "Una ushahidi gani?" na huuliza hasa mtu akishatoa ushuhuda. Swali si baya, wakati wake ndio mbaya. Shangazi anaposimulia alivyopona baada ya kuombewa, anasimulia siku ambayo hakufa. Ukimwingilia na habari za dawa alizomeza asubuhi yake, unaweza kuwa sahihi na bado ukawa umemkosea adabu. Mwulize alianzaje kuumwa, nani alikuwa naye, ilikuwaje alipoamka. Hoja yako haitaoza ukiisubirisha hadi wiki ijayo.

Kuna pia desturi ya kurushiana maiti. Aprili 2023 miili ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na hesabu yake ikapita 400, watu waliohubiriwa kwamba wafunge kula ili wamwone Mwokozi. Wapo wasioamini waliowageukia mama zao na kuwauliza kama sasa wameona. Na wapo waumini waliojibu kwa kutaja Albania, ambako mwaka 1967 serikali ilipiga marufuku dini zote. Mambo hayo yalitokea, na yanastahili kuchunguzwa: ni nini kinachomfanya mtu amkabidhi mwingine akili yake yote, na serikali inayofunga misikiti na makanisa huwa inaogopa nini. Lakini mama yako hakumnyima mtu chakula Shakahola, na mdogo wako hakufunga kanisa lolote. Usimtwike mtu maiti ambazo hakuziua.

Kuwapo si kukiri

Kwangu mimi hapa ndipo penye kazi halisi. Asiyeamini anaweza kuwapo mahali pa ibada bila kutamka asichokiamini, na muumini anaweza kumkubali aliyenyamaza bila kuona kwamba ibada imetiwa doa. Kusimama watu wanaposimama ni adabu, kama mgeni anavyovua viatu mlangoni pa msikiti. Kufumba macho si lazima. Kuitikia "Amina" ni kukiri, kwa hiyo asidaiwe. Kupokea meza ya Bwana bila kuamini ni kosa kwa pande zote mbili, na hapo muumini ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kumzuia mama asimsukume mwanawe mbele.

Kikundi chetu cha akiba hapa Kisumu kina Waadventista, Wakatoliki, Waislamu wawili, mimi wa Friends, na fundi mmoja wa umeme ambaye haamini. Zamani tulifungua mkutano kwa sala iliyozunguka kwa kufuata orodha ya majina. Baada ya mwaka, mweka hazina aligundua kwamba yule fundi huchelewa siku ile tu zamu yake ya kuomba inapofika, na kila anapochelewa hulipa faini yake ya shilingi 100 bila kulalamika. Alikuwa akinunua ukimya wake. Tulipoelewa, tulibadilisha utaratibu: mwenyekiti husema "tutulie", kila mmoja hukaa na kilicho moyoni mwake kwa dakika moja, kisha kumbukumbu za mkutano uliopita husomwa. Wale Waislamu wawili nao walituambia kwamba walikuwa wakisubiri jambo hilo tangu kikundi kianze.

Hospitalini, omba ruhusa kabla ya kumwekea mgonjwa mikono. Mtu aliye na sindano ya maji mkononi hawezi kuinuka aondoke, na ombi asilolitaka linakuwa ni kushikiliwa kwa nguvu. Sema, "Ningependa kukuombea, niombe hapa au niende nikaombe nyumbani?" Akichagua nyumbani, nenda. Na wewe usiyeamini, ukiambiwa "nitakuombea" na mtu aliyekuletea uji katika chupa, sema asante. Amekupa kitu cha thamani kubwa kuliko vyote alivyo navyo.

Sheria huingia hapa kwa kiasi kidogo, nami nisingependa itumiwe kama fimbo mezani. Utangulizi wa Katiba ya mwaka 2010 unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na waumini hupenda kuishia hapo. Ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa, na Ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, na kusema kwamba mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Mahakamani, asiyetaka kuapa kwa jina la Mungu anaruhusiwa kutoa uthibitisho badala ya kiapo, na uzito wake ni uleule, pamoja na adhabu ya kusema uongo. Wanaotaka kuoana bila padri wala kadhi wana ndoa ya kiserikali mbele ya msajili. Jambo gumu katika ndoa huwa ni watoto, na hapo ushauri wangu ni mfupi: amueni kuhusu ubatizo na shule ya Jumapili kabla mtoto hajazaliwa, na kila mzazi awe huru kumwambia mtoto anachoamini mwenyewe bila kumwambia kwamba mzazi mwenzake ataungua motoni, au kwamba ni mjinga.

Mtu anapohama upande

Chama cha wasioamini nchini, Atheists in Kenya, kilisajiliwa mwaka 2016, na katika mwaka huohuo usajili wake ukasimamishwa, kikalazimika kwenda mahakamani. Baadaye, Mei 2021, kilitangaza kwamba katibu wake, Seth Mahiga, amejiuzulu kwa kuwa amempata Yesu. Mwenyekiti, Harrison Mumia, alimtakia heri katika uhusiano wake huo mpya na kumshukuru kwa kazi aliyoifanya kwa mwaka mmoja na nusu. Sisi waumini tulisherehekea kama timu iliyofunga bao, na wengi tulicheka. Nilipoacha kucheka nilijiuliza kama kuna kanisa lolote ninalolijua ambalo limewahi kumwandikia barua ya namna hiyo katibu wake aliyetoka. Walio karibu nami waliotoka walifuatwa usiku na wazee, au majina yao yalitajwa kwenye mahubiri.

Kwa hiyo, ndugu yako akikuambia kwamba ameacha kuamini, au ameanza, mwulize kama wengine wanajua, na kama anataka wajue. Usimtangazie. Hasa kwa kijana ambaye bado analipiwa karo, kufichuliwa kunaweza kumaanisha kukosa mahali pa kulala.

Mazishi

Magharibi mwa Kenya, tofauti zote hufika mwisho wake matangani. Asiyeamini ambaye amefiwa na mzazi muumini hana sababu ya kujitenga na mazishi, kwa kuwa kazi ni nyingi kuliko nyimbo: kukodisha hema na viti, kupokea michango na kuiandika daftarini, kwenda mochari, kusimamia wapishi, kusoma wasifu wa marehemu. Kusoma wasifu kunamfaa zaidi, na aseme ukweli kwamba mama alikuwa mtu wa sala, kwa sababu huo ni ukweli kuhusu mama. Mhubiri, kwa upande wake, aombwe mapema na mzee wa boma asimgeuze mfiwa kuwa mfano wa mahubiri. Nimeona mtoto akionyeshwa kidole kaburini mwa baba yake. Hakurudi nyumbani kwao kwa miaka minne.

Pagumu zaidi ni pale marehemu mwenyewe alipokuwa haamini. Wakenya wa umri wangu wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Haikuwa kesi ya imani bali ya mila: mjane wake alitaka amzike karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, na Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo haki hiyo. Mwili ulikaa zaidi ya siku 150 kabla ya kuzikwa Mei 1987. Wengi tulijifunza hapo kwamba neno ulilomwambia mkeo chumbani halitoshi. Kwa hiyo asiyeamini ambaye hataki ibada kaburini mwake aandike, na aisome karatasi hiyo mbele ya wazee wa ukoo akiwa mzima, ingawa kwetu kuzungumzia kifo chako huonekana kama kukiita. Na akumbuke kwamba mazishi ni ya walio hai pia.

Mdogo wangu alifanya hivyo mwaka juzi. Baba mdogo aliisoma karatasi kwa sauti chini ya mwembe: azikwe nyumbani, pasiwe na mahubiri, marafiki waongee, watu wale. Wazee walinung'unika, wakakubali. Mama hakusema neno mpaka wengine walipoondoka. Kisha akasema, "Kama nitakuwa hai, nitaimba." Mdogo wangu alifikiri, akaomba kalamu, akaandika chini ya sahihi yake: Mama aimbe.